Ping kujibu si ushahidi

Jamani, tuache kusema "netiweki iko sawa" eti kwa sababu ping imejibu. Juzi seva zetu mbili za klasta ziliunganisha hifadhi ya NFS vizuri tu, hata ls ikaleta orodha. Kunakili faili kubwa? Ikaganda. Nilikesha nikilaumu diski, karibu nibadilishe hard iwe soft, kosa ambalo lingeweza kuharibu data kimyakimya. Kumbe seva na hifadhi zina MTU ya 9000, swichi ya katikati imebaki 1500! Ping ya kawaida ya Linux hubeba baiti 56 tu, hizo zitapita popote. Jaribu hii:

ping -M do -s 8972 anwani_ya_hifadhi

(Ni 9000 ukitoa 28 za vichwa vya IP na ICMP.) Isipojibu, acha diski, mtafute mwenye swichi.