Bonyeza Hiyo Herufi Kubwa

Shuleni tulikaririshwa hivi: nomino ya kawaida ni jina la kitu chochote cha aina yake, nomino ya pekee ni jina la kimoja maalum, na Kiingereza huipa hiyo ya pekee herufi kubwa. "City" ndogo, "Nairobi" kubwa. Tukapiga makofi, tukatoka nje kucheza.

Mimi nasema tulipewa nusu ya somo.

Cheki. Jua letu ni moja tu, lakini Mwingereza kwa kawaida huandika "sun" kwa herufi ndogo. Jumatatu hurudi mara 52 kwa mwaka, na bado "Monday" ina M kubwa. Mfaransa huandika "lundi" kwa ndogo na mbingu hazijaanguka. Mjerumani naye hupa kila nomino herufi kubwa, hadi meza na kijiko. Kwa hivyo upekee wa kitu hautoshi. Haya ni mazoea, na mazoea yana wenyewe.

Wenyewe hushindwa wakati mwingine. Mwaka wa 1880, huko County Mayo, Ireland, wapangaji wa mashamba walimsusia Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya bwanyenye mmoja. Majirani wakakataa kumvunia, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Leo "boycott" ni neno la kawaida, b ndogo, na vijana huliandika kwa mabango bila hata kumjua mwenye jina.

Kushushwa ni rahisi. Kupanda ndiko kazi. Marekani, magazeti mengi yaliandika "negro" kwa n ndogo huku "Irish" na "Italian" zikipewa heshima yake. W.E.B. Du Bois alidai N kubwa katika kitabu chake cha 1899, The Philadelphia Negro. The New York Times ilikubali 1930. Miaka 31! Halafu neno likawa "black", mchezo ukaanza upya. Shirika la habari la Associated Press lilikubali B kubwa Juni 2020, wiki chache baada ya polisi kumuua George Floyd.

Najua kuna msee atasema herufi haijazi sufuria. Sawa. Lakini kama ni kitu kidogo hivyo, mbona wahariri waliinyima miaka yote hiyo?

Sasa tujiangalie. Kila siku naona vijana wa hapa wakijieleza mtandaoni: "I speak English, swahili and sheng." Lugha ya mgeni imesimama, zetu zimekalishwa chini. Na kanuni ya Kiingereza chenyewe inasema jina la lugha ni nomino ya pekee! Hapo hakuna mkoloni aliyetushika mkono. Ni vidole vyetu.

Usiniambie ati Sheng si lugha kamili. Kanuni haiulizi kama lugha ina kamusi wala mtihani. Inauliza kama ina jina, na jina inalo.

Walimu, fundisheni kanuni, ila ongezeni swali moja: nani aliamua? Na wewe unayesoma, siku ukiandika kwa Kiingereza jina la lugha ya nyanya yako, iwe Luhya, Dholuo au Kamba, inua hiyo herufi ya kwanza. Usingoje simu ikuinulie.