Kiraka cha Windows: kinapotoka, mwizi naye anakisoma

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni Microsoft ya Marekani iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows 10. Siku ile hakuna mashine iliyozimika. Iliwaka sawa jana, ikaandika, ikatuma karatasi kwenye imprimante. Ndiyo sababu, kutoka Bunia mpaka Uvira, ni rahisi mwenye sekretaria ao mwalimu mwenye kompyuta yake ya okazyo kufikiri kwamba habari hii haimuhusu.

Inamuhusu. Na kwa kuelewa vile, inafaa kurudi 2017.

Windows, kama Linux ao Android, ni programu kubwa inayoendesha mashine nzima. Imeandikwa na watu, na watu wanakosea. Kosa lingine linakuwa tundu: mtu wa mbali anaweza kupitia hapo akaingia. Kiraka ni kipande kidogo cha programu kinachotumwa kwa kuziba tundu lile. Kinakuja ndani ya ile «mise à jour» ambayo watu wengi wanaikataa juu ya kuogopa mega zao.

Tarehe 14 mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja baya sana. Lilikuwa katika sehemu ya Windows inayosaidia mashine za ofisi moja kupitishiana faili. Aliyelijua aliweza kuingia bila neno la siri, na bila mwenye mashine kubonyeza kitu. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limelijua mbele na kutengeneza chombo cha kulipitia, kinachoitwa EternalBlue. Chombo kile kikaibiwa. Tarehe 14 mwezi wa ine, kundi linalojiita Shadow Brokers likakianika kwenye intaneti, kila mtu ajichukulie.

Tarehe 12 mwezi wa tano ikatokea WannaCry. Ilifunga faili za watu kwa kufuli ya siri, kisha ikaomba dola 300 za Bitcoin, na dola 600 siku tatu zikipita. Ilitoka mashine moja kwenda ingine yenyewe. Kwa siku chache ikagusa zaidi ya mashine 200.000 katika nchi karibu 150.

Huko Uingereza walioumia kwanza walikuwa wagonjwa. Kati ya mashirika 236 yanayosimamia hospitali za serikali katika England, yasiyopungua 80 yaliguswa. Miadi ya waganga inayokadiriwa kupita 19.000 ikafutwa, na katika sehemu tano wagonjwa wa haraka wakalazimika kwenda hospitali za mbali zaidi. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ilipochunguza, ilikuta hospitali zilikuwa zimeonywa mwezi wa tatu na mwezi wa ine ziweke kiraka. Kilikuwepo tayari, bure kwa Windows zilizokuwa bado zinatunzwa. Mashine zilizoingiwa ni zile ambazo hazikuwekwa kiraka.

Miezi miwili ile ndiyo yenye fundisho. Kiraka kikitoka, fundi mwenye nia mbaya anakichukua naye. Analinganisha Windows ya mbele na Windows ya nyuma, anaona mahali palipobadilika, na pale ndipo tundu lilikuwa. Ni sawa na mtu kuzungushia rangi nyekundu dirisha bovu alilotengeneza, kumbe nyumba zote za avenue zina dirisha la namna ile. Basi asiyeweka kiraka hatari yake inaongezeka kuliko mbele hakijatoka.

Kwa Windows 10 mambo ni mabaya zaidi. Windows 11 imejengwa juu ya sehemu nyingi zile zile. Kila mwezi Microsoft inapoziba matundu ya Windows 11, inaonyesha bila kutaka matundu mengine ambayo Windows 10 iko nayo pia.

Wanaokataa mise à jour wana sababu zao, na si za kucheka. Moja kubwa inaweza kula mega mia kadhaa ao zaidi, umeme unakatika katikati, na mafundi wengi wanaoweka Windows isiyo na leseni wanaifunga kabisa ili mteja asirudi kulalamika. Wengine wanasema mise à jour yenyewe inaleta virusi. Hilo lilitokea kweli: mwezi wa sita 2017, huko Ukraine, programu moja ya uhasibu ilitumiwa kueneza sumu inayoitwa NotPetya, kupitia mise à jour yake. Lakini ikiisha kuingia, sumu ile ilitumia pia tundu lile lile la EternalBlue kwa kukimbia ndani ya makampuni. Kampuni ya meli Maersk ililazimika kuweka upya mashine 45.000. Nakala muhimu ya mtandao wake ilipona Ghana tu, kwa sababu siku ile umeme ulikuwa umekatika pale. (Wakaaji wa huku wanaweza kucheka hapo, lakini umeme kukatika si ulinzi wa kutegemea.)

Sasa, mwenye Windows 10 afanye nini? Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza kwa mashine za watu binafsi, mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Mtu anaweza kulipa dola 30, ao kuupata bure kwa kuhifadhi mipango ya mashine yake kwenye akonti ya Microsoft. Kuhama kwenda Windows 11 ni bure kwa mwenye leseni, ila inaomba kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina. Mashine ya namna hiyo inaweza kuwekwa Linux, isiyoomba leseni, ingawa mtumiaji atahitaji siku za kuizoea.

Juu ya mega, njia iko. Viraka vya Windows vinaweza kupakuliwa kama faili kwenye Catalog ya Microsoft, mara moja, mahali intaneti iko nzuri, na kubebwa kwa kle ya USB mpaka mashine zingine za aina ile ile. Windows yenyewe inaweza pia kupangwa ili mashine moja ipakue na zingine za ofisi zichukue kwake. Kwa kituo cha afya ao shule yenye mashine kumi, ni kupakua mara moja badala ya mara kumi. Kinachobaki ni kujua nani ndani ya nyumba amepewa kazi hiyo kila mwezi, kwa sababu viraka vingi vya Microsoft vinatoka Siku ya Pili ya pili ya mwezi, na mwizi naye ana kalenda.