Ujumbe wa Matapeli Uzuiwe Unakotoka

Apandaye milima ya Litembo, wilayani Mbinga, huiona miteremko mikali iliyotobolewa mashimo ya ngoro. Nyasi hupangwa kwa miraba, udongo hufukiwa juu yake, na katikati hubaki shimo. Mvua inyeshapo, kila shimo huyazuia maji papo hapo yaangukapo, yasipate kukusanyika na kulibomoa shamba la jirani aliye chini. Ufundi huo wa Wamatengo nimeukumbuka kwa ajili ya gharika nyingine, iliyoingia katika simu za wakulima hao hao.

“Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Watanzania wengi wameupata ujumbe huu, wakacheka, wakaufuta. Lakini nguvu yake haimo katika maneno. Imo katika hesabu. Tapeli hamjui ampelekeaye. Kwa kifurushi cha bei ndogo huusambaza kwa mamia ya namba, na miongoni mwao yaelekea yupo mmoja ambaye saa ile ile ameahidi kumpelekea mwanawe karo, au kumlipa kibarua. Huyo si mjinga, ingawa tumezoea kumwita hivyo. Ni mtu mwenye ahadi ya kweli. Na msimu wa malipo ya kahawa watu wa namna hiyo huwa wengi.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko simu za mkononi nchini. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alipeleka tangazo la biashara kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET, bila wao kuliomba. Gharama ya kutuma ilikuwa ndogo. Usumbufu ukawa wa wapokeaji.

Serikali yetu haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja ujumbe usioombwa. Laini zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole kufikia tarehe 20 Januari 2020. Na mwananchi aweza kuripoti namba ya tapeli kwa 15040. Haya ni mema. Hata hivyo, taarifa hutolewa baada ya ujumbe kufika, wakati maji yamekwisha kuteremka mlima, na tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine.

Kwa maoni yangu, mzigo huu uwaangukie wenye mitambo, yaani kampuni za simu. Kuchuja maneno hakufai: “tuma pesa” ni maneno ya tapeli, na ni maneno ya mama mzazi pia. Wala hapana haja ya kusoma siri za watu. Yatosha kuhesabu. Laini mpya inayoandikia mamia ya namba ambazo haijapata kuwasiliana nazo, nayo haijibiwi, ipunguzwe mwendo mara moja. Katibu wa chama cha msingi, mwenye kuwatangazia wakulima bei ya kahawa, ajiandikishe mapema ili asizuiwe.

Nitaulizwa: je, kijana aliyenunua laini leo, akitaka kuwaarifu ndugu wote juu ya msiba? Huenda atacheleweshwa kidogo. Lakini ndugu hujibu, tena hupiga simu, na mtambo ukiyaona majibu hayo utamfungulia njia.