Mchana washa, usiku zima!

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kamera, tena hasa flashi yake, kwa sababu mie ilinitoa machozi na sitaki ikutoe na wewe.

Vijana wa mjini wamevirudia vile vikamera vidogo vya dijitali vya kutia mfukoni, vilivyovuma miaka ya 2000 kabla simu hazijavifukuza. Unamkuta mtu Forodhani kikamera kinaning'inia mkononi kwa kamba yake, anatembea kama kanunua meli. Changu mimi kaka aliniletea kutoka Maskati. Si kipya, pembeni kimechubuka, lakini kinapiga. Na skuli niliishia kidato cha nne, kazi hakuna, basi nikajitangaza mpiga picha.

Kwetu Unguja msichana mwenye kamera hakosi riziki. Harusi ya wanawake mwanamme haingii, na wenyewe hawataki sura zao zizagae mjini. Wanamtaka binti wanayemjua, apige, halafu kadi aitoe kwenye kamera aikabidhi kabla hajavuka mlango. Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya pesa, harusi ya usiku kwenye ua wa nyumba moja kongwe kule Malindi, shilingi elfu hamsini. Siku hiyo nilijifukiza udi utadhani biharusi ni mimi.

Basi ndugu zangu, nilipiga picha kama mia tatu. Lile gurudumu la juu nililiacha kwenye otomatiki tangu mwanzo mpaka mwisho, flashi inajiwakia yenyewe, pwa! pwa! Kesho yake nikaitwa. Biharusi uso mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, poda na jasho vinang'aa, piko na hina za mikononi zimefutika. Waliokaa mkekani nyuma ndio usiseme, giza tupu, vinaonekana vijicho vyekundu viwili viwili kama paka wa Darajani. Nusu ya pesa niliirudisha.

Ingeishia hapo leo ningekuwa nacheka. Lakini baada ya miezi miwili mama yake biharusi alikuja kwetu. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa amefariki, na katika uhai wake alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. "Mwanangu, usiku ule hakukataa. Alikaa pale mkekani karibu na ngazi, kavaa kanga mpya. Hebu nitafutie, hata moja." Alikuja na ile kadi kaifunga kwenye leso. Tukaifungua kwenye kompyuta ya jirani. Ngazi tukaiona. Kanga tukaiona, kwa mbali. Sura hakuna. Jirani akajaribu kuongeza mwanga, zikaja chenga kama za televisheni iliyokosa antena. Mama wa watu akaniambia, "Ahsante mwanangu, haikuandikwa," akajitanda buibui lake akaondoka. Mie najua kosa lilikuwa la nani.

Nikaanza kujifunza kwa hasira. Usiku nikamsimamisha mdogo wangu kichochoroni, nikawa nampiga picha huku namrudisha nyuma hatua moja moja, majirani wanatucheka. Mita moja na nusu, anang'aa. Mita tatu, bado yumo. Mita sita, kapotea, limebaki shati. Kumbe siri ndiyo hiyo. Mwanga wa flashi kadiri unavyokwenda ndivyo unavyotawanyika. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu haupungui nusu, unabaki robo. Ukiongeza mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Na flashi ya kikamera cha mfukoni, ile ndogo kama ukucha, nguvu yake ni mita tatu hivi, na ukivuta kwa zumu inapungua zaidi. Bibi alikaa kiasi cha mita sita. Biharusi alikuwa mita moja na nusu puani mwangu, ndiyo maana yeye kaungua na bibi kazama. Kamera ilimpimia aliye mbele, wa nyuma shauri yao.

Sasa sikilizeni kituko. Flashi tunaitumia kinyume. Usiku mtu yuko mbali tunaiwasha, mchana mtu yuko karibu tunaizima. Mimi sasa nafanya hivi: mchana nawasha, usiku nazima.

Mtu atauliza, mchana na jua lote hili la Unguja flashi ya nini? Haya, mpige rafiki yako saa sita mchana pale Forodhani, kavaa kofia yake ya kiua. Jua liko utosini, macho yamekuwa mashimo mawili, chini ya pua kivuli kama masharubu. Au yeye kalipa jua mgongo, bahari nyuma inameremeta, uso mweusi tii. Kamera inaona mwanga mwingi, kwa hiyo otomatiki haiwashi flashi. Ilazimishe wewe. Bonyeza kitufe chenye alama ya radi mpaka ibaki radi peke yake, bila ile herufi A pembeni. Radi yenye A maana yake kamera itaamua yenyewe, radi peke yake maana yake bosi ni wewe, na radi iliyokatwa mstari ndiyo kuzima. Sogea karibu, mita moja na nusu au mbili, kwa sababu jua nalo lina nguvu zake. Piga. Utashangaa, macho yamefunguka na bahari bado ipo.

Usiku ndiyo kazi. Kwenye gurudumu au kwenye menyu tafuta kipicha cha mtu na nyota, au mtu na mwezi. Hapo flashi inawaka kidogo kwa ajili ya mtu wa mbele, halafu kamera inaendelea kuacha jicho lake wazi ili inywe na mwanga wa taa za nyuma. Ukimsimamisha mtu Forodhani magharibi jua limeshazama, unampata yeye, unapata na wingu jekundu na taa za wauza mishikaki. Ila lazima kamera itulie. Iweke juu ya ukuta, au jibane kiwiko mbavuni uzuie pumzi. Na huyo unayempiga mwambie asikurupuke flashi ikishawaka, picha bado haijaisha! Wengi wanakurupuka na wanatokea na vichwa viwili.

Hali ni hiyohiyo kwa ile alama ya jicho, ya kuzuia macho mekundu. Ule wekundu ni damu ya ndani kabisa ya jicho, flashi imekaa karibu mno na lenzi kwa hiyo mwanga unaingia na kurudi njia moja. Ukiiweka alama ya jicho, taa inawaka kwanza ili mboni zisinyae, ndipo flashi yenyewe inakuja. Kina shangazi wakiiona ile taa ya kwanza wanadhani tayari, wanageuka kumalizia mazungumzo. Nina picha nyingi za visogo vya shangazi zangu.

Akiwa mbali, zima kabisa. Walioshawahi kwenda Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, wanajua jinsi Ngome Kongwe inavyokuwa. Mtu kakaa nyuma kabisa, mwanamuziki kule jukwaani anaonekana kama sisimizi, naye anawasha flashi. Anachopata ni shingo ya jirani yake wa mbele, imeng'aa vizuri sana. Jukwaa lina taa zake. Zima flashi, weka P, pandisha aiso ifike 800, subiri mwimbaji atulie kidogo ndipo ubonyeze. Chenga kidogo zitakuwepo, zivumilie. Wale watoto wanaojirusha baharini pale Forodhani wao wapige na alama ya mtu anayekimbia, flashi imezimwa. Ukiiwasha utabaki unasubiri ijichaji huku mtoto ameshaibukia upande wa pili.

Na hina, jamani! Kwa vitu vya karibu kuna alama ya ua. Weka ua, zima flashi, mpeleke biharusi dirishani asubuhi. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene zilizopakwa chokaa, mwanga ukiingia dirishani unagonga ukuta wa pili na kurudi taratibu. Piko linatoka jeusi, hina inatoka nyekundu, kila ua na kila jani. Flashi kwa umbali wa shibiri moja ni kumwaga maziwa juu ya mkono wa watu.

Kisa cha kuchekesha sasa. Nilipiga picha na flashi kwenye chumba kimoja cha Kiponda, dari inapukutika. Picha ikaja na vidoara vyeupe vinaelea juu ya kichwa cha shangazi. Wee! Akasema majini ya nyumba hiyo yamejitokeza, ufukizwe ubani, na mimi nisirudi tena na kamera yangu. Shangazi yangu, kwa heshima zote, lile lilikuwa vumbi la chokaa. Chembe ikipita karibu na lenzi flashi inaimulika, inatokea kama sahani. Mvua ya masika nayo inafanya vilevile. Nilizima flashi nikapiga tena, majini yote yakahama. Hakuniamini, ubani ulifukizwa.

Kilichonisaidia zaidi ni picha za kale. Hapa Mji Mkongwe palikuwa na fundi, Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi kazi. Zile picha zao nyeusi na nyeupe za mji huu ukizitazama usitazame nguo, tazama kivuli kimelalia upande gani. Mimi siku hizi nikiingia kwenye nyumba ya watu, kabla sijaitoa kamera natafuta kwanza dirisha liko wapi na taa iko wapi.

Harusi yangu ya pili nilipewa kwa huruma, nusu bei. Biharusi alikuwa bado anapambwa, mashoga zake wananiita nikapige magauni. Mie nikaenda kwanza mkekani. Nikawaamkia bibi wote shikamoo mmoja mmoja, nikaomba ruhusa, nikapiga magoti mita mbili kutoka kwao, aiso 400, kipicha cha mtu na nyota, kamera nimeiegemeza juu ya kasha. Walikuwa saba. Mmoja akajifunika uso kwa kanga akasema mie sitaki, nikamwacha. Sita ninao, yaani wenyewe wanao, kadi niliiacha mlangoni kama kawaida.

Jumapili nina harusi nyengine Mkunazini, betri mbili ziko kwenye chaji. Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, barua zenu nimezisoma, hasa ya yule wa Michenzani mwenye wachumba wawili. Usitoroke, nakujibu!