Mzazi, usimfanye Mungu kuwa fimbo ya mtoto

Mtoto wa miaka minne amekutwa na mama yake akichota sukari kwenye kopo. Kabla hajaulizwa lolote, anaambiwa: “Mungu anakuona, atakuchoma moto.”

Maneno ya namna hiyo ni ya kawaida katika nyumba nyingi za Wakristo, iwe Musoma mjini, Bunda au vijijini Butiama. Mzazi huyasema kwa nia njema, akitaka mtoto awe mwaminifu na amche Mungu.

Tatizo ni kwamba mtoto wa umri huo hayasikii kama anavyoyasikia mtu mzima. Yeye huyachukua kama yalivyo. Picha inayobaki kichwani mwake ni ya mtu mkubwa aliyejificha mahali, ana moto mkononi, anasubiri akosee.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kati ya miaka miwili na saba hivi, mtoto huelekea kuamini kuwa mambo yanayotokea yamesababishwa na yeye. Akiugua, anaweza kudhani ni adhabu ya utundu wake. Mdogo wake akifariki, anaweza kuamini ni kwa sababu jana yake alimnyang’anya kiazi.

Mara ni miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa ambako malaria bado inasumbua, hivyo ugonjwa na msiba si mambo ya mbali kwa watoto hawa. Mtoto aliyezoea kutishiwa adhabu ya Mungu anaweza kubeba hatia ya kifo cha nduguye kimyakimya, bila mtu yeyote nyumbani kujua.

Dalili zake huonekana kwa njia nyingine. Anaweza kushtuka usingizini, kuanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, kulalamika tumbo kila mara au kukataa kulala peke yake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya aangaliwe kama anaumwa. Pia aulizwe taratibu ni nini kinamtisha, kisha aambiwe waziwazi: “Si kosa lako.”

Kumcha si kuogopa

Hii haina maana kwamba mtoto asikemewe. Akichukua sukari bila ruhusa, aambiwe amekosea, arudishe na aombe radhi. Adhabu ya kosa hilo ibaki kuwa ya mzazi, asisingiziwe Mungu.

Mtoto anayemwogopa Mungu hujifunza kuficha makosa na kusema uongo. Yule anayejua kuwa Mungu anampenda hata anapokosea hupata ujasiri wa kusema, “Mama, ni mimi.”

Injili ya Marko, sura ya 10, inaeleza kuwa wanafunzi walipowazuia watu waliowaleta watoto, Yesu alichukizwa na wanafunzi hao. Watoto aliwakumbatia na kuwabariki.

Imani haiharakishwi

Wapo wazazi wanaokata tamaa mtoto anaposinzia kanisani au kusahau sala. Kwao historia ya mkoa huu ina la kuwafundisha.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, kwa baba ambaye hakuwa Mkristo, Chifu Nyerere Burito. Mwaka 1934 alianza Shule ya Mwisenge mjini Musoma, na akiwa huko akaanza kufuatilia mafundisho ya dini. Alibatizwa Desemba 23, 1943, akiwa na umri wa miaka 21, kwa hiari yake mwenyewe.

Imani hiyo iliyokomaa taratibu ilidumu. Hata akiwa Rais alijulikana kwa kuhudhuria misa mara kwa mara, na Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Kwa mzazi, funzo ni kwamba kazi yake ni kupanda na kumwagilia. Mti haukui kwa kuvutwa majani.

Yaanzie nyumbani

Mafundisho ya Utoto Mtakatifu, shule ya Jumapili au Shule ya Sabato ni msaada mkubwa, lakini ni ya saa chache kwa wiki. Siku zilizobaki mtoto anamtazama mzazi.

Mtoto chini ya miaka mitatu hahitaji mafundisho. Sauti tulivu ya mama akiimba wimbo wa kanisani huku akimbembeleza inamtosha.

Kuanzia miaka mitatu hadi mitano, msimulie hadithi fupi za Biblia na mwache aombe kwa maneno yake mwenyewe. Akimshukuru Mungu kwa ajili ya kuku na dagaa, usimcheke. Hiyo ni sala.

Akifika sita na kuendelea, maswali yatakuwa magumu: Bibi amekwenda wapi? Kwa nini Mungu hakumponya? Kujibu “sijui, lakini Mungu yupo pamoja nasi” ni bora kuliko kumnyamazisha.

Baba asimwachie mama kazi hii. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani anaweza kusali na wanawe asubuhi kabla hawajakwenda shule. Mkulima wa Bunda anaweza kuzungumza nao njiani kuelekea shambani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inawaagiza wazazi kuwafundisha watoto hata wakiwa nyumbani na njiani.

Mzazi anayemkosea mtoto naye amwombe radhi. Mtoto akimwona baba yake akisema “nisamehe, mwanangu”, ameelewa msamaha kuliko mahubiri ya saa nzima.

Sala na zahanati

Namna familia inavyoshughulikia ugonjwa nayo ni somo la imani. Mtoto akipata homa au degedege, asicheleweshwe nyumbani kwa sababu ya maombi. Degedege si pepo. Mara nyingi hutokana na homa kali, na malaria ni moja ya vyanzo vyake, hivyo kila saa ina thamani.

Ombeni mkiwa njiani kwenda zahanati. Hata Luka, anayetajwa kuwa mwandishi wa Injili, anaitwa tabibu katika Waraka kwa Wakolosai. Mkoani Mara, Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walijenga kanisa, na hospitali pia.

Mtoto anayeombewa huku akipewa dawa hukua akijua kuwa Mungu hayuko upande wa ugonjwa wake. Imani ya namna hiyo itamfaa hata siku ambayo mzazi hatakuwa karibu kumshika mkono.