Tusimcheke Kogo

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Mbona basi mashine zetu zinadai haraka?

Nyanya yangu, kogo kama tumwitavyo hapa Merigi, amechuma majani chai tangu ujana wake, na vidole vyake sasa vimekakamaa. Ana simu ya kabambe. Katika simu hiyo ukitaka herufi B ni sharti ubonyeze 2 mara mbili upesi. Ukikawia, unapata AA. Siku moja alitaka kuandika "baba", akapata "aaaaaa". Sisi wajukuu tukacheka, ati kogo hajui simu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Muhula uliopita, katika chumba cha kompyuta, niliandika programu ya kutambua kitufe kikibonyezwa mara mbili. Kazi yenyewe si ngumu. Programu huweka wakati wa mbonyezo wa kwanza. Ukibonyeza tena, inatoa wakati ule wa kwanza katika wa pili. Tofauti isipozidi kikomo, basi hiyo ni mara mbili. Ikizidi, inahesabiwa kuwa moja, kisha moja nyingine. Kikomo nilikichagua mwenyewe: milisekunde 300, chini kidogo ya theluthi ya sekunde. Kwa nini 300? Kwa sababu vidole vyangu vya miaka 16 viliweza!

Siku ya wazazi nilimwomba kogo ajaribu. Kwa 300 alishindwa kabisa. Nilipoandika 900, akafaulu. Akanitazama, akauliza, "Kwani siku ile si mimi niliyekosea?" Sikuwa na la kujibu.

Kuna watakaosema, si uongeze tu kikomo? Si rahisi hivyo. Kikomo kikiwa kirefu, hata ukibonyeza mara moja kompyuta itangoja kwanza ione kama mbonyezo wa pili waja, na mwenye haraka ataudhika. Dawa ni kumwachia mtumiaji achague. Windows hufanya hivyo: huanza na milisekunde 500, na mwenye kompyuta anaweza kupunguza au kuongeza.

Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi anayeandika programu ampe kwanza mzee wa nyumbani kwao aijaribu, asijipime kwa vidole vyake peke yake. Na kabla hatujamwita mtu mjinga, jamani, tuitazame ile nambari tuliyoiandika sisi.