Badali na Masharti Yake

Mama mmoja aliyeko Bomet auliza: mwanawe anaunda saketi ya kuitunza betri ya asidi ya volti 12 iwashayo taa zao, lakini dayodi ya 1N4001 iliyomo mchoroni haipatikani madukani huko. Je, atie nyingine?

Atie. Mwenye kukosa maji hutayamamu na swala yake husihi. Ila udongo nao una sharti la kuwa safi. 1N4007 hupitisha ampea 1 ile ile, na huhimili volti 1000 pale mwenziwe ahimilipo 50. Chaja mbovu huwa nazo tele. Kapasita nayo iwe ya volti zaidi, isiwe pungufu, hata muuzaji akiapa kuwa zote ni mamoja.

Fyuzi haina badali ya kipande cha waya. Wala kipimo hakiguswi: betri iliyokwisha kujaa ishikwe kwenye volti 13.5 hadi 13.8. Ikizidishiwa, hutokota na kutoa haidrojeni, hewa ilipukayo kwa cheche moja. Nako Bomet ni baridi, madirisha hufungwa usiku. Basi mama, betri hiyo isichajiwe chumba walalamo watoto.